Soda Baada ya Jibu

Wadogo zangu wa kamati,

Wiki iliyopita mlinijia nyumbani na kreti ya soda na maombi mawili. La kwanza, niandike kumbukumbu zangu za kazi ili mpate cha kusoma miongozo ikiwachosha. La pili, nikubali kurudi kuongoza kamati kwa miaka miwili zaidi, kwa kuwa eti bado nina nguvu. Mmoja wenu alikuwa ameshashika kifungulio. Nikamwambia akirudishe mfukoni, na kreti muisukume chini ya meza. Mlitazamana. Mkitoka niliwasikia mkinong'onezana mlangoni kwamba labda daktari amenikataza sukari.

Daktari hajanikataza kitu. Kreti ipo pale pale chini ya meza, wajukuu wanaizunguka tangu siku ile, na haitafunguliwa chupa hata moja mpaka niwe nimewajibu. Sababu yake ni kisa cha zamani, na bila kisa hicho hamtaielewa kazi mnayoifanya. Vyeo nitaviruka, maana mnavijua. Mishahara pia nitairuka, kwa sababu ya wakati ule ukiisimulia watu hucheka pasipo pa kucheka.

Nilianza kazi Gisenyi miaka ya mwisho ya tisini, wakati barabara ya Ruhengeri ilikuwa imeanza tena kupitika bila mtu kuacha wosia nyumbani. Nilikuwa nimerudi kutoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa na wazazi wakimbizi. Kinyarwanda changu kilikuwa na lafudhi iliyowafanya wauza nyanya wanipandishie bei, na Kifaransa changu kiliishia kwenye salamu. Lakini Kiswahili nilikuwa nacho, na Gisenyi, mji ulioshikana na Goma kama pacha, ukiwa na Kiswahili hulali njaa. Chuo kilikuwa kimefungua kampasi ndogo katika jumba la zamani la mlowezi karibu na ziwa. Wanafunzi walisomea sebuleni, maabara ilikuwa chumba cha kulala, na mkuu wa kampasi alikaa kwenye kibaraza kilichozibwa kwa mbao.

Kamati ya Maadili ya Utafiti, niliyoajiriwa kuwa katibu wake, ilipewa jikoni.

Siku ya kwanza niliingia humo nimevaa viatu vya kisigino na nikakuta mzee mwembamba amesimama mbele ya oveni kubwa ya chuma, anapanga mafaili ndani yake. Huyo ndiye alikuwa Mzee Ilde, mwalimu wa falsafa na mwenyekiti wa kamati, mzaliwa wa hapo hapo Gisenyi. Hakunisalimia kwanza. Alifunga mlango wa oveni, akaubana kwa kitasa chake cha chuma, ndipo akageuka.

"Panya," akasema. "Iko panya mingi sana humu. Lakini panya hajui kufungua fuu, hii oveni. Karibu, binti."

Basi miaka yote ile mafaili ya utafiti tuliyaweka kwenye oveni. Watafiti walisema tunawaoka, na wengine kweli walitoka jikoni kwetu wamebadilika rangi.

Kwa anayesoma haya bila kuwa mwenzetu, kazi yenyewe ni hii: mtafiti yeyote anayetaka kuwahoji watu, kuwapima au kuwatoa damu, lazima kwanza apite kwetu. Tunahakikisha kwamba hatawadhuru, na kwamba wao wenyewe wamekubali. Miongozo ilikuwepo, kurasa nyingi za Kifaransa kigumu, na mimi nilitetemeka nikidhani nitatakiwa kuikariri. Mzee Ilde aliichukua akaiweka chini ya mguu mmoja wa meza, uliokuwa mfupi.

"Swali ni moja tu," akaniambia. "Huyu mutu, anaweza kukatala, halafu arudi kwake na heshima yake yote? Ukipata jibu ya hiyo, ingine yote utaisoma polepole."

Nililiandika swali hilo kwa chaki ukutani juu ya sinki, na kila mtafiti aliyekuja alilisoma huku akisubiri chai.

Nilikuwa na furaha, niseme kweli. Niliipenda kazi ile tangu wiki ya kwanza kama mtu anavyopenda redio mpya. Nilikuwa na mashine ya kudurufu iliyonipaka wino hadi kwenye nyusi, muhuri wa mpira uliopasuka katikati, na kidau cha wino wa dole gumba ambacho kilikauka kila Ijumaa nikakilainisha kwa mafuta ya mawese. Nilijifunza kumkatalia mhadhiri bila kumnyima chai. Alikuwepo mmoja aliyetaka kupima vinyesi vya wanafunzi wake mwenyewe, wiki moja kabla ya mtihani wake. Mzee Ilde alimuuliza kwa upole, "Na asiyeleta, atafaulu?" Yule bwana alifikiri, akakunja karatasi zake, akaaga. Mwingine alitaka kuwahoji wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, usiku wakiwa kazini ziwani. Tulimuuliza, mvuvi akichoka na maswali atakwenda wapi? Alirudi akiwa amepanga kuwahoji ufukweni asubuhi, wakikausha nyavu, mahali ambapo mtu anaweza kunyanyuka akaondoka.

Lakini pesa hazikuwepo. Jenereta ya kampasi ilikuwa inawashwa pale tu wageni wakija, na wanafunzi walijua kuna mgeni kwa kusikia muungurumo. Darasa letu la kwanza la wauguzi, vijana ambao wengi wao walikuwa wamewahi kuanza masomo mahali pengine yakavunjika, walijifunza kuchoma sindano kwenye viazi vya Busasamana. Viazi vile vile tulivila mchana. Kisha likaja neno kutoka Kigali: kampasi isipopata mradi wa kuitegemeza kabla ya mwaka wa masomo kwisha, itafungwa, na wauguzi watapelekwa Butare. Wote tulijua maana yake. Wenye wadogo wa kulea Gisenyi wasingeweza kwenda, na masomo yangewavunjikia tena.

Hapo ndipo alipotokea Daktari Placide na mradi wake.

Msimfikirie vibaya, maana mimi nilimpenda na bado nampenda. Alikuwa amekulia Ubelgiji, akarudi na masanduku ya vitabu na adabu nyingi mno. Alikuwa anainuka kila mwanamke akiingia jikoni, na kwa kuwa mimi niliingia na kutoka siku nzima, mgongo wake ulipata taabu. Mradi wake ulikuwa mzuri kweli. Alitaka kuchunguza upungufu wa damu kwa wanawake wanaobeba mizigo Petite Barrière, ule mpaka mdogo wa kuingia Goma, ambapo utamwona mama kabeba viazi kichwani, mtoto mgongoni na mimba mbele. Kila mwanamke angetolewa damu mara tatu, kwa miezi kadhaa. Wafadhili walikuwa tayari. Wangelipa, na sehemu ya pesa ingebaki kampasi, ya kutosha kuweka maabara na kulisha darasa la wauguzi hadi wamalize. Sharti lao lilikuwa moja: wapatikane wanawake wa kutosha kabla ya mwisho wa mwaka wa masomo.

Kamati ikapitisha majaribio ya mwanzo. Baada ya siku chache Daktari Placide akaja jikoni anang'aa.

"Wote!" akasema. "Wote wamekubali, Mzee. Hakuna hata mmoja aliyekataa. C'est magnifique!"

Mkuu wa kampasi, aliyekuwa amemfuata nyuma, akapiga makofi. Kagabo, mhasibu wetu aliyerudi kutoka Kampala, akatabasamu, na hilo halikuwa jambo la kila mwezi. Mimi pia nilipiga makofi. Mzee Ilde peke yake aliendelea kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Walipotoka akaniita. "Binti, hata mu kilio kuna mutu anakatala kula. Hawa wote wamekubali namna gani? Kesho enda uangalie. Usiseme kitu, angalia tu."

Nikaenda. Ua alimowapokea wanawake ulikuwa mtaa wa Mbugangari, hatua chache kutoka njia wanayopita wanawake wakitoka mpakani. Ilikuwa alasiri, jua kali, vumbi jeusi la volkano limewapanda hadi magotini. Daktari Placide aliwapokea langoni mmoja mmoja kwa mikono miwili, akawakalisha kwenye mabenchi yenye kivuli. Kisha akafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye malezi angefanya kwa watu waliotoka juani: akawagawia soda. Baridi, kutoka kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Na mimi akanipa. Tulikunywa. Walipomaliza ndipo akasimama, akaeleza mradi wote taratibu, kwa Kinyarwanda chake cha Brussels, pamoja na lile la muhimu zaidi: kwamba yeyote ana haki ya kukataa. Alilirudia mara mbili. Halafu akauliza nani anakubali.

Mikono yote ikapanda. Nilitafuta kosa, sikuliona. Maelezo yalikuwa ya kweli, sauti yake ya upole, hakuna aliyetishwa. Nilianza kutunga kichwani ripoti ya kumfurahisha Mkuu.

Ndipo nikamwona mama mmoja mnene aliyejifunga kitambaa cha kijani kichwani, amekaa pembeni kwenye beseni lake alilolipindua, soda yake iko miguuni haijaguswa. Hakunyoosha mkono, na msaidizi wa Daktari alimpita kana kwamba ni mpita njia. Nikamsogelea. Alikuwa Mama Zawadi, mkazi wa Mbugangari, akiuza sambaza Goma na kurudi na mawese. Nikamuuliza kama hana kiu.

"Kiu niko nayo sana," akasema. "Lakini sitaki damu yangu itoke. Donc, sikunywa."

Nikamwambia soda haina uhusiano na damu, mama, ni ukarimu tu. Akanitazama toka viatuni hadi usoni.

"Bon, dada, nikuulize. We ulishaona mutu anakunywa pombe ya wakwe, anamaliza, halafu anasema binti hatoki?"

"Ile ni pombe. Hii ni soda."

"Soda ni pombe ya sisi tusiyokunywa pombe! Mi niko muislamu, bwana yangu mukristo. Siku walikuja kunichumbia, kwetu walileta kreti ya soda. Baba alikunywa. Njo vile niliolewa, hakuna mutu aliniuliza ingine." Akanyoosha kidevu kuelekea mabenchi. "Wale wamama walishakunywa. Sasa watakatala na kinywa gani? Ule docteur iko na heshima mingi, ametupokea muzuri. Kumupatisha haya mbele ya watu, nani anaweza?" Kisha akaishika chupa yangu, akaitikisa. Ilikuwa tupu. "Na we, naona ulishakubali kila kitu watasema."

Wadogo zangu, hapo ndipo nilipoelewa! Si kwamba desturi hiyo sikuijua. Sote tuliijua. Huuzi shamba, huposi, hupatani na jirani bila chupa, na anayekunywa amesema ndiyo. Kule Karagwe baba yangu aliwahi kukaa na kiu mchana kutwa nyumbani kwa mtu kwa sababu bei ya ng'ombe ilikuwa haijaafikiwa. Lakini kwetu sisi wa kampasi soda ya kazini ilikuwa imeacha kuwa kitu. Tuliinywa semina, tuliinywa mikutanoni, na hatukuwahi kujiuliza imebeba nini kwa mtu aliyeketi upande wa pili wa meza. Nilirudi nikikimbia, viatu vya kisigino mkononi.

Mzee Ilde alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika oveni. "Mimi nilizaliwa hapa," akasema, "na nilipitisha ile soda kwa mukono wangu! Niliisoma mu bajeti, nikasema, vizuri, watu watakunywa." Akafuta machozi, uso ukabadilika. "Sasa binti, itatuuma."

Ikatuuma kweli. Tuliitana wote jikoni asubuhi iliyofuata. Daktari Placide aliposikia alishika kichwa. "Mon Dieu. Hata mimi mwenyewe! Mwezi jana wajomba zangu walikwenda kuniposea. Niliambiwa nisiguse chupa kabla yao, nikaona ni adabu ya kizamani tu." Kisha akasema jambo lililonifanya nimheshimu hadi leo: "Damu niliyochukua si yangu. Tuwaulize upya."

Mkuu wa kampasi hakuwa na nafasi ya kuguswa. "Kuwauliza upya, na wakikataa? Wafadhili wanataka idadi, mwaka unakwisha. Mnataka kunifungia kampasi kwa chupa ya soda? Wale wauguzi nitawaambia nini?"

"Unajua kwa nini watu wa hapa ni wagumu kukatala mutu mwenye gari na karatasi?" Mzee Ilde akamuuliza, taratibu sana. "Unajua. Wote tunajua kile wamepitia. Kama sisi, wasomi, hatuwezi kuwapa nafasi ya kusema hapana kwa kitu kidogo, hawa wauguzi tunawafundisha kazi gani?"

Mkuu akageukia dirisha. Nje, wanafunzi hao hao walikuwa wanachoma viazi sindano, na tuliwasikia wakicheka.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mfupi. Waulizwe upya, wote, na damu ya atakayekataa imwagwe. Soda itolewe mwishoni, baada ya jibu, tena kwa kila mtu, aliyekubali na aliyekataa. Hapo Kagabo akaruka kwenye kiti.

"No, no, no. Ngoja, dada. Mtu amesema hapana. Ameondoka. Sasa mimi nanunua soda yake kutoka fungu gani? Nikikaguliwa niseme nini, kwamba nimelipa watu wasifanye utafiti?"

Tulibishana juu ya hilo muda mrefu kuliko jambo lolote lingine, jambo ambalo wazoefu wa bajeti hawatalishangaa. Mimi ndiye niliyemmaliza nguvu. Nikamwambia, "Kaka Kagabo, ukimnyima soda aliyekataa, umeiwekea bei ile hapana." Akanitazama, akakuna shingo, mwishowe akakubali liandikwe fungu jipya kwa maneno yake mwenyewe: "Vinywaji vya wasioshiriki." Miaka iliyofuata mkaguzi mmoja baada ya mwingine aliniuliza maana yake, na kila mmoja nilimsimulia nilivyowasimulia nyinyi.

Usiku wa kuamkia siku ya kuanza upya sikulala vizuri kwa msisimko. Asubuhi tuliweka kreti chini ya meza, chupa zimefungwa, na kifungulio nikakitia mfukoni mwangu. Maji ya kunywa yaliwekwa wazi kwenye mtungi, maana maji ni ya Mungu na hayana masharti. Mzee Ilde alikuja mwenyewe, amevaa koti lake la mahafali ya zamani. Hata Mkuu alikuja, akasimama langoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Mama wa kwanza aliitwa mbele peke yake, mbali na macho ya wenzake. Daktari Placide akaeleza. Yule mama akasikiliza, akachungulia chini ya meza.

"Nikikatala, nitapata soda?"

"Utapata," nikasema.

"Na jina yangu mutaandika?"

"Aliyekataa haandikwi jina."

Akafikiri. Akamtazama Daktari, akamtazama Mzee, akanitazama mimi. Kisha akasema, kwa sauti ndogo lakini iliyonyooka, "Basi, nimekatala."

Nusura nipige vigelegele! Mzee Ilde alimshika mikono yote miwili, akamshukuru kana kwamba amempa mbuzi. Daktari Placide alifungua mdomo kumuuliza kwa nini, Mzee akamkanyaga mguu. "Hapana haina kwa nini," akamnong'oneza. Nilifungua chupa, povu likapanda, yule mama akanywa yote amesimama huku anatutazama juu ya chupa kuona kama tutabadilika. Hatukubadilika. Akarudisha chupa, akaenda zake.

Wa pili akakataa. Wa tatu akakataa. Wa nne akakubali, wa tano akakataa. Kufikia jioni furaha yangu ilikuwa imepata baridi kidogo, nakiri. Waliokubali wangeweza kukaa benchi moja. Kagabo alitazama chupa tupu kama mtu anayetazama shamba lililoliwa na mvua ya mawe. Mkuu alisema kitu kimoja tu, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi: "Kesho nitaanza kuwaambia wauguzi." Akaenda.

Siku ya pili mchana ua ulikuwa mtupu. Daktari Placide alikuwa anapanga sindano ambazo zilikuwa tayari zimepangwa. Mzee Ilde alisinzia, au alijifanya. Mimi nilikuwa nahesabu mabati ya paa la jirani, maana mtu akiwa na hofu macho hutafuta kazi. Ndipo nikasikia sauti njiani, sauti nyingi, za wanawake wanaoongea wote kwa pamoja bila mmoja kumsikiliza mwenzake. Langoni kikatokea kitambaa cha kijani.

Mama Zawadi alikuwa mbele. Nyuma yake walifuatana wanawake hadi nikapoteza mwisho wao: wa Mbugangari, wa viazi kutoka Busasamana, wake wa wavuvi, wasichana wa kubeba mizigo, mabeseni vichwani na vicheko midomoni. Wengine niliwatambua, walikuwa miongoni mwa waliokataa jana.

"Njo hawa," Mama Zawadi akasema, akaweka beseni chini. "Jana jioni ilikuwa habari ya barrière nzima. Wanasema, kwa wale watu unakatala, na wanakupa soda, na wanakusindikiza. Nikawaambia, kama mutu anaweza kukatala, basi pale hakuna hatari. Twende wasikie muzuri, kila moja ajichagulie."

Tulifanya kazi hadi jua likashuka nyuma ya Goma. Daktari Placide sauti ikamkauka, wauguzi wetu wakaitwa mbio kusaidia kuchoma mishipa ya watu badala ya viazi, na mikono yao haikutetemeka. Wapo waliokataa, na kila mmoja nilimfungulia chupa kwa furaha ile ile. Lakini waliokubali walikuwa wengi, wengi mno, na walikubali kwa namna nyingine kabisa: waliuliza maswali. Sindano ina urefu gani? Damu itakwenda wapi? Mkikuta ugonjwa mtatuambia au mtanyamaza? Wale wa mwanzo, wa soda kwanza, hawakuwa wameuliza hata moja. Mkuu aliporudi langoni alisimama muda mrefu. Kisha akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza kubeba makreti.

Mama Zawadi alingoja hadi wa mwisho. Nilipomwita alikuja taratibu, akaketi, akamsikiliza Daktari kuanzia mwanzo hadi mwisho ingawa alikuwa ameyasikia maelezo yale siku nzima. Mimi moyoni nilijua jibu lake. Alikuwa ametuletea kampasi yetu kwenye beseni, asingekosa kukubali.

"Mi," akasema, "nakatala."

Daktari Placide akakanyaga mguu wake mwenyewe. Halafu akasimama, kama alivyozoea kuwainukia wanawake, akamwinamia. "Asante, mama," akasema, na hakuongeza neno.

"Sasa leta," Mama Zawadi akaniambia. "Nipe ile ya machungwa. Siku ile niliiacha na kiu yangu."

Akainywa kidogo kidogo hadi tone la mwisho, amefumba macho. Tulisimama tukamtazama, mwenyekiti, daktari, mkuu wa kampasi na mhasibu, bila mtu kuona ajabu. Alipomaliza akapangusa mdomo, akainua beseni, akaaga kila mmoja kwa mkono. Nilimsindikiza hadi njia panda.

Kampasi haikufungwa. Wauguzi wale walimaliza, na mmoja wao ndiye anayenipima presha kila mwezi na kunigombeza kuhusu chumvi. Mzee Ilde tulimzika miaka mingi baadaye, na siku ya mazishi, kwa heshima yake, mtu mmoja alikataa kula. Alikuwa Kagabo.

Basi nimewafikisha. Kisa hiki mmekipata, na ombi la kwanza nimelitimiza kwa mikono yangu. Kuhusu ombi la pili, nimelifikiria kwa siku zote hizi, kreti ikiwa chini ya meza, nikiwa na kiu yangu na kinywa changu. Ninawapenda. Jikoni kwetu nitakukumbuka hadi niingie kaburini.

Jibu langu ni hapana.

Msiniulize kwa nini. Njooni Jumapili, njooni wote, na yule mwenye kifungulio asikisahau. Mimi nitakunywa ile ya machungwa.